Hsiao Yu-lien na Chaza Waliovimba

Ndugu waombolezaji, majirani, na ninyi wanunuzi wa chaza mliokaa kule nyuma karibu na masufuria, kwa niaba ya ukoo wa Weng na ukoo wa Hsiao, mimi Hsiao Chin-fa, mdogo wake marehemu, nimepewa kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, na nitasoma yote, hata yale ambayo baadhi yenu mngependa niyaruke. Nje ya turubai amesimama wifi yake, Bibi Weng Hsiu-luan, na msidhani sijui, wengi wenu mmekuja leo kuona kama atathubutu kuingia, maana kwa miaka ishirini kijiji hiki kimemjua kama mwanamke aliyetia maji kwenye chaza. Tulieni, tutafika huko.

Marehemu Hsiao Yu-lien alizaliwa hapa hapa kijijini, karibu na Dongshi, wilayani Chiayi, tarehe 4 Machi 1951, akiwa mtoto wa pili wa mzee Hsiao Tien-lai, ingawa cheti kinasema tarehe 19, na cheti hicho hakukiamini mpaka anakata roho. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1963, na mwalimu wake alikuwa akilalamika kwamba mtoto huyu akipewa jibu anauliza, "Nani kasema?" Baada ya hapo alikaa kwenye kigoda pembeni ya mama, kisu mkononi, akifungua chaza kama wanawake wote wa hapa, na kushuku kila mtu, jambo ambalo katika familia yetu si kasoro, tumezaliwa nalo.

Mwaka 1972 mshenga alileta posa ya Weng Ting-pang, akaapa kwamba kijana hagusi pombe, naye dada yangu hakusadiki hata neno moja, akaenda moja kwa moja kwa dada yake yule kijana, ambaye ndiye huyu Hsiu-luan, akamuuliza. Hsiu-luan akamjibu, "Kunywa anakunywa, ila akishakunywa analala, hana maneno." Marehemu alirudi nyumbani anacheka, akasema hatimaye amepata mtu mmoja msema kweli, wakafunga ndoa tarehe 12 Novemba mwaka huo huo, na shemeji yangu Ting-pang, aliyetutoka mwaka 2011, alipenda kutania kwamba mkewe aliolewa na wifi, yeye akaongezwa tu. Walijaliwa watoto wawili, Kuo-tung, aliyezaliwa mwaka 1974, yuko bandarini Kaohsiung, na Pi-yun, aliyezaliwa mwaka 1977, anafundisha biolojia Tainan.

Mwaka 1988 alifungua banda lake la kukusanya chaza kutoka kwa wanawake na kuwapeleka mjini. Mchezo mnaujua, na msinitazame hivyo, mnaujua: chaza aliyefunguliwa akilowekwa kwenye maji ya bomba ananenepa, anakuwa mweupe na mzito, halafu akiguswa na moto anatapika maji yote na kubaki kadogo kama kifungo cha shati. Kwa hiyo kila beseni lililoletwa, dada alichota chaza wawili watatu, akawakaanga mbele ya mwenye beseni, akainama kutazama. "Yu-lien, hata mimi?" mama alimuuliza siku moja, naye akamjibu, "Mama, kikaango hakijui mama."

Tarehe 27 Septemba 2004, siku moja kabla ya Sikukuu ya Mwezi, watu wanapochoma chaza mpaka barazani, hoteli moja ya mjini iliagiza mzigo mkubwa kuliko wote aliowahi kupeleka. Alfajiri alikaanga chaza wa kila beseni, wote wakawa safi, Hsiu-luan akapakia masanduku, na kwa kuwa jua lilikuwa kali, na dada hakumwamini dereva Chuang, ambaye kwa maoni yake alikuwa akisimama njiani kupiga soga, dada mwenyewe akachukua barafu mara mbili ya kawaida na kuimwaga juu ya chaza wenyewe, bila mfuko, kwa mkono wake. Jioni mwenye hoteli akapiga simu. "Bibi, umeniuzia chaza au umeniuzia maji?"

Kesho yake, kwenye uwanja wa hekalu, watu wote wakiwa kwenye majiko, dada alimfuata wifi yake, ambaye asubuhi ile ya kupakia alionekana bombani na ndoo. "Wifi, umenimaliza!" Hsiu-luan akasema, "Wifi, nakuapia, ndoo ile nilinawia miguu." Dada akamwuliza, "Miguu gani hiyo ya ndoo nzima? Ya tembo?" na watu wakacheka, wako hapa waliocheka, naweza kuwataja. Tangu siku ile hakuna banda lililopokea beseni la Hsiu-luan, akawa anapanda basi kwenda kijiji cha mbali kuparua samaki, na hata tulipomzika Ting-pang, kaka yake wa damu, alisimama kando peke yake kama mgeni.

Mwezi Mei 2022 Pi-yun alikuja kusalimia, mama yake akamfungulia chaza, akawafunga kwenye sanduku, akawamwagia barafu tele juu, bila mfuko, na usiku binti akapiga simu kutoka Tainan. "Mama, chaza hawa wamelowekwa." Dada akawaka. "Na nani? Nimewafungua mwenyewe, nimewafunga mwenyewe, umebeba mwenyewe!" Nilikuwepo, na kwa dakika nzima nilimwona akimshuku mwanawe wa kumzaa. Pi-yun akamweleza polepole kwamba nyama ya chaza ni seli ndogo ndogo zisizoonekana kwa macho, kila seli imevikwa utando, na utando huo hupitisha maji kwa urahisi lakini chumvi huizuia, sasa ndani ya chaza mna chumvi ya bahari, na barafu ikiyeyuka ni maji matupu, basi maji yanaifuata chumvi ndani na seli zinavimba.

"Bila mtu kuyatia?" dada aliuliza.

"Bila mtu, Mama. Yanaingia yenyewe."

Aliweka simu chini na hakula usiku ule. Mnadhani alikwenda kwa wifi yake? Hakwenda. Aliona haya, nami nilimchukia kwa hilo, nasema wazi, nilimpenda na nilimchukia.

Novemba 2023 miguu ilianza kuvimba, moyo na figo vikawa vimechoka, na tarehe 30 Januari 2024 alilazwa hospitali mjini Chiayi. Hsiu-luan alikuja na uji kila asubuhi, na kila asubuhi dada alifumba macho kujifanya amelala. Nikamwambia, "Dada, yuko hapo nje kwenye korido, mwambie." Akajibu, "Nilimtukana mbele za watu, Chin-fa, nikimwambia chumbani nitakuwa nimemwibia. Utasoma wewe, siku watu watakapojaa." Alifariki tarehe 2 Machi 2024, saa kumi na moja alfajiri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ingawa kile kidonge cha njano kilichogeuka kuwa cheupe bado nitakiulizia, inawashukuru majirani kwa turubai na chakula, wanawake wa bandani, na yule mwenye hoteli aliyemkimbia mwaka 2004 na leo ameleta shada kubwa kuliko yote, tumeliona.

Bibi Weng Hsiu-luan, hukutia maji. Ilikuwa barafu, na barafu aliimwaga dada yangu. Hayo ni maneno yake, nami nimeyasema kwa sauti aliyoitaka. Kitambaa chako cha msiba hiki hapa, na kiti ni hiki cha mbele, karibu na kichwa chake, na jeneza halinyanyuliwi mpaka umekaa. Ninyi mliocheka, simameni mumpishe.

Dada, ameingia. Amekaa. Sasa pumzika kwa amani.