Njia ya Ziwani Aliyoifunga Basili Tluway

Baba Paroko, wazee wangu shikamooni, viongozi wa Klabu ya Jirani Mwema, ndugu na majirani mliofika hapa Balangdalalu kumsindikiza mpendwa wetu, mimi ni Restituta Tluway, dada yake mkubwa, mwalimu mstaafu, ukoo umenituma niwasomee maisha yake, nitasoma polepole, na naomba nisikatizwe.

Marehemu Basili Tluway alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika Kata ya Masieda, Wilaya ya Mbulu, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Tluway Sulle na Mama Paskalina, ambao wote wametangulia mbele za haki. Alisoma shule ya msingi huko huko Masieda kuanzia mwaka 1980 hadi 1986, akaendelea na sekondari Mbulu mjini hadi 1990, kisha akasomea cheti cha mifugo na kuhitimu mwaka 1993, na mimi niliyemfundisha kusoma nasema bila aibu kwamba darasani hakuwa wa kwanza, wala wa kumi.

Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1994 kama afisa mifugo, akapangiwa Yaeda Chini, akakaa huko karibu miaka tisa akichanja ng'ombe kwa miguu, kwa kuwa pikipiki aliyopewa haikumaliza wiki bila kuharibika, halafu tarehe 3 Februari 2003 akahamishiwa hapa. Hapa ndipo wafugaji walipomfundisha ziwa la magadi, jinsi linavyokauka kiangazi likawa jeupe na gumu kwa juu huku chini limebaki tope, na jinsi ya kuligonga kwa fimbo na kusikiliza kwanza kabla ya kuweka mguu.

Tarehe 26 Oktoba 1996 alifunga ndoa takatifu na Odilia, huyu mnayemwona hapa mbele, wakajaliwa watoto watatu, Monica, Sylvester na Festo, na wajukuu wawili.

Mwaka 2009 alijiunga na Jirani Mwema, na wengi wenu mlimfahamia huko, maana ndiye aliyeongoza mnada kwenye chakula cha jioni cha hisani, akauza jogoo mmoja mara saba, kila mnunuzi akimrudisha auzwe tena, jogoo akarudi bandani mzima, ndiye aliyewapanga walimu na wauguzi foleni ya kuchangia damu, na ndiye aliyecheza ngoma vibaya kuliko watu wote na bado akaomba irudiwe. Kuanzia mwaka 2014 aliongoza Matembezi ya Hisani, kilomita kumi na moja kukatiza ziwa kavu, na matembezi hayo yameleta vitanda, magodoro na taa za sola katika nyumba wanamosubiria kujifungua akina mama wanaotoka mbali, jambo ambalo hakuna wa kulibeza. Kila mwaka, wiki kadhaa kabla, alitangulia peke yake kwa siku tatu, akagonga, akasimika vijiti vyenye vitambaa vyeupe, na kwa miaka kumi na moja hakuna mtembeaji aliyelowa hata kiatu.

Sasa nafika kwenye ugonjwa. Jana kamati ya klabu iliniomba, kwa heshima zote, nisome kwamba marehemu aliugua nimonia kwa muda mfupi, niishie hapo, kwa kuwa maandalizi ya matembezi ya Jumamosi ijayo yamekwenda mbali na mgeni rasmi ameshathibitisha. Ni kweli ilikuwa nimonia, lakini ilianzia mahali fulani, na mahali hapo mimi nitapataja.

Ijumaa tarehe 5 Septemba 2025, saa nne asubuhi, Basili akisimika kijiti cha ishirini na sita, palepale alipopita miaka yote, ziwa lilipasuka chini yake, akazama hadi kifuani, akabaki humo mpaka saa kumi jioni ameikumbatia fimbo yake aliyoilaza juu ya tope, hadi mfugaji Yoakimu, aliyekuwa akitafuta punda wake aliyepotea, alipomwona akamvuta kwa kamba. Yule punda hajapatikana mpaka leo, na nyayo zake Yoakimu alizifuata hadi mahali ambapo kingesimikwa kijiti cha thelathini, zikaishia hapo.

Tarehe 9 Septemba, hospitalini, mimi nikiwa nimesimama kando ya kitanda chake, Basili alimwambia Mwenyekiti wa klabu, Meshack, kwamba mvua za mwaka huu zimeligeuza ziwa, njia haipo, asipeleke mtu, na alirudia mara tatu huku akikohoa. Mwenyekiti alilia, namshuhudia, alilia kweli. Lakini Basili alitutoka Jumanne tarehe 16 Septemba, saa kumi na moja alfajiri, na baada ya hapo kamati ilikaa na kuamua kwamba namna ya kumuenzi ni kutembea, matembezi yakapewa jina lake, fulana zikachapwa zenye sura yake, wengine mmezivaa hapa, na njia wanasema imo kwenye simu iliyorekodi mwaka jana. Simu inajua alikanyaga wapi mwaka jana, ya chini mwaka huu haijui. Waliojiandikisha ni mia tatu na kumi na wawili, zaidi ya nusu yao watoto wa shule, na atakayetangulia na fimbo ya baba yake ni Festo.

Festo mwanangu, najua umekubali kwa kumpenda baba yako, na sikulaumu, ila shangazi yako ana hasira na ana hofu, tangu Jumanne sijala nikashiba, nikifumba macho naona ule weupe na watoto wamepanga mstari.

Kwa hiyo ukoo umekaa jana na kuamua hivi: matanga hatutayaanua hapa nyumbani. Jumamosi tarehe 27, kabla jua halijatoka, tutahamisha msiba, tutatandika mikeka pale njia inapoingia ziwani, Odilia atakaa katikati, na anayetaka kupita na ngoma zake aturuke sisi wafiwa. Mnaweza kutembea barabara ya juu, ni ndefu na ina vumbi, na sisi wenyewe tutawachangia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia siku kumi na moja, majirani waliochota maji na kuleta kuni, wafanyakazi wenzake wa mifugo, Yoakimu na kamba yake, na klabu pia, mliompenda, kwa jeneza na usafiri.

Bwana ametoa, Bwana ametwaa, jina lake lihimidiwe. Pumzika kwa amani, Basili, njia hiyo hatakufuata mtu.