Basi la Mazikoni

Teksi iliyojaa abiria ilipotoka Wandegeya, Jaja Rehemah, bibi wa wajukuu saba, alimwuliza mama mwenye nguo nyeusi kando yake kama amefiwa.

“Daktari wetu wa chuoni, jaja. Mimi ni mkuu wa fedha wa idara ya udaktari. Basi la kwenda mazikoni Masaka nililiidhinisha mimi, nalo limeniacha.”

“Walikusahau?”

“Hawakuniambia saa. Nikiingia chumba cha chai, wote hunyamaza. Marehemu tu ndiye aliyekuwa akinisogezea kiti.”

Rehemah, ambaye hajawahi kukosa matanga, aliona kutengwa huko kuwa kuzito kuliko kifo chenyewe.

“Ukifika, mwanangu, cheo usikitaje. Waambie alikuwa rafiki yako.”

“Watasema nimekuja kukagua basi.”

“Waache waseme.”

Teksi ikasimama. Mama akashuka, akaulizia magari ya Masaka.