Herufi Zinazotabasamu

FUNDI: Haloo? Nani mwenzangu?

DADA: Dada yako.

FUNDI: Ah, dada! Shikamoo. Namba hii siijui –

DADA: Marahaba. Ya jirani. Uko dukani?

FUNDI: Niko na mashine ya kuchapa, inapiga kelele. [Mkwaruzo.] Mbona sauti imechoka hivyo?

DADA: Nimesimama getini kazini tangu asubuhi. Mdogo wangu, lile tangazo la kiwandani umelichapa wewe?

FUNDI: Lipi? Nachapa mengi –

DADA: La herufi zako zile. Zimelala kidogo kama mtu anayekuinamia akusalimie. Hazina vikia miguuni. Ile "a" yenye tumbo naijua, ulianza kuichora mezani kwangu.

FUNDI: Langu, ndiyo. Bosi wenu alizitaka hizo hizo. Limependeza?

DADA: Mno. Watu walilipigia vigelegele.

FUNDI: Kweli?

DADA: Kwani hizo zimewahi kutuletea balaa? Ulizichora kwa ajili ya wodi ya watoto, wasiogope sindano. Zikaja kwenye pakiti za maziwa. Kiwandani zikatangaza likizo, chai ya bure. Basi tulipoziona kwa mbali, wenzangu wakashangilia hata kabla ya kusoma. Mama mmoja alicheza kabisa.

FUNDI: [Anacheka.] Si nilikwambia? Mlazo uwe kidogo tu, ukizidi zinaanguka –

DADA: Halafu tukasogea, tukasoma.

FUNDI: Mkasoma nini?

DADA: Umelipanga wewe, unaniuliza mimi?

FUNDI: Dada, nikipanga sisomi. Naangalia nafasi kati ya herufi na herufi. Mara nyingine naligeuza juu chini, maneno yasinisumbue. Ndivyo kazi –

DADA: Mstari wa pili.

FUNDI: Wa pili... ulikuwa mrefu, nikaubana. "Idara ya Kufungasha..." Dada. Si ndiko uliko wewe?

DADA: Nilikokuwa. Ijumaa ndiyo mwisho.

FUNDI: Haki ya nani –

DADA: Usiape. Sina nguvu za kukugombeza. Ila mimi sisahau. Mwaka ule walipotukatia maji ya kunywa, walibandika tangazo kwa herufi nyeusi, zimesimama wima kama askari. Tuliziona tu, damu ikachemka. Tukagoma, maji yakarudi. Kumbe na wao walijifunza. Sasa wanatufukuza kwa tabasamu lako.

FUNDI: [Mkwaruzo.] Wameagiza na bango la getini. Ndilo liko mashineni sasa hivi.

DADA: Hiyo kelele ninayoisikia?

FUNDI: Hiyo hiyo. Nikizima, watanihama, na mteja mwingine mkubwa sina.

DADA: Basi karibu getini. Nafasi ya kusimama ipo.

FUNDI: Dada na wewe –

DADA: Nacheka, mdogo wangu, nilie nini tena?

FUNDI: [Kelele inakoma.] Unasikia?

DADA: Nasikia. Haya, nichapie langu. Jioni tuna mkutano, na wengi wanaogopa kuja. Tumia herufi zilezile.

FUNDI: Zilezile? Baada ya –

DADA: Hizo hawaziogopi. Fanya haraka, salio la watu linaisha.

FUNDI: Taja maneno. Hili nalisoma.

DADA: Andika: "Sisi wa Kufungasha hatuto–"

[Simu inakatika.]

FUNDI: Dada? Haloo? ... Hatutoki. Nimelisoma.