Chupa Zilizorudi Zimeoshwa

Asubuhi moja ya mwaka 1952, ndani ya basi la Bagamoyo, Kibwana alikaa nyuma ya dresa, mganga msaidizi wa zahanati, aliyepakata kasha la chupa tupu. Bibi mmoja aliyekaa na dresa alizitambua.

"Mwanangu, si zile za dawa ya kikohozi mlizopita kuzidai vijijini? Mlizitakia nini?"

Dresa alishusha sauti. Barua ya wakubwa ilikuwa ya siri, alisema. Aliamriwa akusanye chupa asitaje sababu, watu wasije wakataharuki. Kibwana alijisemea kwamba aliyetaharuki hapo ni dresa mwenyewe.

"Ila mbona zote zimerudi tupu, bibi?" dresa akauliza. "Tena zimeoshwa."

"Mlisema mnataka chupa. Tukajua serikali imepungukiwa chupa, dawa tukaimimina vibuyuni."

Dresa alitazama kasha lake. "Dawa ile ilikuwa mbovu, bibi. Imeshaua watoto."

Basi likasimama Mbegani, bibi akamgeukia dresa.

"Mjukuu wangu Sada alikimaliza kibuyu chote," alisema. "Tulipomzika, nikawaambia watu ni kazi ya Mungu."

Utingo akagonga bati, anayeshuka ashuke.