Vijiko Viwili vya Supu ya Fuzi

Jirani yangu Mama Duan alipanda basi la kwenda mji wa Dali amepakata chungu cha miguu ya nguruwe iliyopikwa na mizizi ya mmea wa Kichina uitwao fuzi, dawa ya magoti ya kaka yake. Mzee aliyeketi kando yake akanusa. “Mama, hiyo sumu.”

“Sumu ikiwa mbichi, mzee wangu. Hii imechemka kwa muda wa saa nane, sikuukatiza mchemko hata kwa tone la maji baridi.”

“Marehemu mke wangu naye alisema hivyohivyo.”

Mama Duan akafunua chungu, akanywa vijiko viwili. “Haya! Ulimi ukifa ganzi kabla sijashuka, namwaga chote.”

Mzee akakodolea saa yake macho. Mama Duan, ambaye tangu nimjue hajawahi kunyamaza, akatazama dirishani.

Basi liliposimama, mzee akauliza, “Ulimi je?”

Mama Duan akamkata jicho, akakumbatia chungu chake, akashuka bila kusema neno.