Bi Saluma wa Kings Rest na Wanaume Saba Getini

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bi Saluma Fakiri wa Chatsworth, aliyefariki Jumatatu iliyopita akiwa na miaka sabini na moja. Wengi wenu mlimjua. Wengine mlikula kwake.

Alikaa Chatsworth, lakini kwao ni Kings Rest, kule Bluff. Narudia, Kings Rest. Watu wake huitwa Wazanzibari, wajukuu wa Wamakua waliokombolewa utumwani na kuletwa hapa Durban kupitia Zanzibar. Walikuwa na msikiti wao. Walilima mihogo, walitwanga kisamvu, na msichana akivunja ungo aliwekwa ndani akafundwa kwa Kimakua.

Mwaka 1962 akaja bwana wa serikali, na tai yake, na karatasi yake. Akasema Bluff sasa ni ya wazungu. Ila fomu ilitaka kila mtu awe na kabila, na hawa hakujua awaweke wapi. Akawatazama nywele. Akawasikiliza wakiomba dua. Mwishowe akaandika: Waasia Wengine. Kwa akili hiyo alikuwa analipwa mshahara.

"Mama alimwuliza mihogo yetu itavunwa na nani," Bi Saluma aliniambia. "Akajibu, mnakokwenda kuna duka."

Lori likaja. Nyumba ikabomolewa wakiitazama, wakashushwa Chatsworth, mtaa waliotengewa Wahindi. Bi Saluma alikuwa na miaka kumi na minane.

Sasa twende Aprili mwaka huu, 2015, wageni kutoka nchi nyingine za Afrika waliposhambuliwa hapa Durban. Marie-Jeanne, msusi kutoka Kongo, alikuwa amepanga chumba kwake. Baada ya sala ya alasiri wanaume saba walifika getini na marungu, wakitaka mgeni atoke. Mashujaa saba, kwa msusi mmoja.

Marie-Jeanne anasimulia: "Mimi nilikuwa chini ya kitanda. Mama alienda pale geti na kanga tu. Aliwaambia kwa Kizulu, 'Aliyenitoa kwetu alikuwa mwizi, lakini hata yeye alileta notisi. Ninyi yenu iko wapi?' Akasema, 'Basi katika nyumba hii mgeni wa kwanza ni mimi. Anzeni na mimi.'"

Hakuna aliyeanza. Mmoja alirusha jiwe, akavunja dirisha la jikoni, akakimbia. Wenzake wakamfuata. Ushujaa wao uliishia hapo.

Marie-Jeanne hakuhama. Moyo wa Bi Saluma ulipoanza kumsumbua, yeye ndiye aliyemnywesha uji mpaka siku ya mwisho.

Kwenye matanga, mmoja wa wale saba alikuja kutoa pole, macho chini. Marie-Jeanne alimwonyesha kiti. Chai hakumpa.

Familia ya Fakiri, na wewe Marie-Jeanne, poleni sana. Mwenyezi Mungu amrehemu mama yetu.

Na wewe unayesikiliza, saluni, dukani au ndani ya gari: Aprili ile ulikuwa upande gani wa geti? Usinipigie simu kunijibu. Jijibu mwenyewe.