Mimi Si Tairi, na Barazani Sirudi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mlioko kwenye mabenchi, asifiwe na ninyi mnaosikiliza kutoka barazani!

Nilikuwa mtu wa kuhama. Nikisikia Buseresere inatema dhahabu, nabeba shuka; ikikatika, nipo Katoro. Hadi leo vumbi la Katoro naliota. Kisha duara, shimo letu la dhahabu, likabomoka, jiwe likanipiga tumboni. Madaktari waliniokoa, lakini utumbo wakautolea tundu tumboni, choo kikawa kinatokea hapo, kwenye mfuko uliobandikwa. Sikuwa na mtu wa kunitunza. Nikapokelewa kwenye makao haya ya wazee na wasiojiweza.

Ndugu zangu, mfuko ulivuja! Ulibadilishwa ukishapasuka tu. Ngozi ikawaka moto. Kwa sababu ya harufu, msimamizi akahamishia kiti changu barazani: chakula huko, ibada huko. Nikafanya kama mchimbaji: nikaagiza gundi ya kuzibia pancha, nikabandika mfuko kama kiraka. Ngozi ikachubuka!

Mungu akamleta Nesi Neema.

“Nani kakupaka hii?”

“Mwenyewe. Inaziba tairi, itashindwa mfuko?”

“Kwani wewe ni tairi?”

Akaibandua taratibu kwa maji ya uvuguvugu. Akapima tundu, akakata mfuko ulingane nalo, ngozi isiguswe na choo. Akaikausha kabisa kabla ya kubandika. Akanifundisha kuumwaga ungali na nafasi, nisisubiri ujae. Akawafundisha wahudumu wote, maana wapo wazee wenye mifuko wasioweza kujihudumia. Ngozi ikapona! Harufu ikaisha! Haleluya!

Jumapili nikabeba kiti changu, nikaingia ndani.

“Rudi barazani,” msimamizi akasema.

“Baba, shikamoo yako naitoa, lakini barazani sirudi. Bwana hakunifukua kwenye duara aje kuniweka mlangoni.”

Mama Kulwa, bibi asiyemwogopa mtu hapa, akainama akaninusa mbele ya wote.

“Ng'wanone, mwanangu huyu, hanuki,” akasema. “Mwacheni akae. Tatizo ni sauti yake, anaimba kama fisi.”

Niliimba! Kwa nguvu zote niliimba!

Namshukuru Mungu, namshukuru na Nesi Neema. Nawe uliyeficha mfuko chini ya kitenge, unayejinyima kula ili usijae: kula, dai maji, dai mfuko unaokutosha, mtumaini Bwana. Hapa kando yangu pana nafasi. Beba kiti chako, ingia!